Mwananchi Mwepesi Kuliko Wote

Nchi yetu sitaitaja jina, na si kwa sababu naogopa. Zamani ilikuwa na jina refu la maneno matano, lenye Jamhuri mwanzoni na Umoja mwishoni. Mwaka wa kwanza wa Wepesi jina hilo lilipunguzwa likabaki maneno mawili, mwaka wa pili likabaki moja, na siku hizi katika barua za serikali tunaandika "Nchi" tu. Inatosha. Kila mtu anajua ni ipi, maana hatuna nyingine.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa mgongo wa Mtukufu Rais. Ulimuuma mpaka akapelekwa kutibiwa ng'ambo, katika nchi ya baridi ambako watu, kama alivyotueleza baadaye, wana kila kitu na kwa hiyo hawaweki kitu chumbani. Alilazwa wiki tatu katika chumba cheupe chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na ua moja ndani ya glasi. Mgongo ukapona. Madaktari walisema ni sindano. Yeye alisema ni chumba.

Siku aliporudi shule zilifungwa ili watoto wapate kwenda kuimba uwanja wa ndege. Mtukufu alisimama kwenye ngazi ya ndege akatutazama kwa huruma muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo sasa yamechorwa kwenye ukuta wa kila ofisi:

"Wananchi wenzangu, nimelala katika chumba kisicho na kitu, nikaamka mzima. Nikawakumbuka ninyi. Mnaishi na vitu vingi mno, na vitu vinawachosha. Nimekuja kuwapumzisha."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nyuma ya ndege wapagazi walikuwa wakishusha mizigo ya msafara wake, na kazi hiyo iliendelea hadi jioni.

Haukupita mwezi, Sheria ya Wepesi wa Maisha ikawa imepita bungeni. Iliwachukua wabunge dakika kumi na moja, kwa sababu walitaka na wao waoneshe mfano wa kutobeba mambo mengi. Ikaundwa Wizara ya Wepesi, yenye waziri mmoja, manaibu wanne na wakurugenzi thelathini na wawili. Wizara ilijengewa jengo la ghorofa tisa, kwani kila mkurugenzi alihitaji meza pana ya kuandikia juu ya vitu vidogo.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kila kaya isizidi vitu arobaini.

Redio ilitueleza faida zake asubuhi na jioni. Nyumba yenye vitu vichache hufagiliwa upesi. Mwizi akiingia hutoka na aibu. Moto ukitokea, hasara ni ndogo. Anayehama hasumbui watu wamsaidie kubeba. Mke na mume wenye sahani moja hawawezi kubishana ni ipi ioshwe kwanza. Nilisikiliza yote hayo nikayaona ni ya kweli, na mpaka leo sijaweza kuonesha ni lipi kati yake lilikuwa uongo.

*

Mimi naitwa Erasto. Niliajiriwa na Wizara kuwa karani wa uhakiki katika mtaa wa Mabatini, mtaa niliozaliwa. Nilipewa daftari, kofia na baiskeli. Mkuu wangu alikuwa Bwana Chelango, Afisa Wepesi wa Kata, mtu mnene na mpole aliyevua viatu kila alipoingia kwa watu, na aliyesema pole kabla ya kuanza kuhesabu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nasema hivi kwa sababu watu wa mbali hudhani kazi ile ilifanywa na watu wakatili.

Ugumu ulikuwa mmoja tu, kujua kitu ni nini. Wizara iliukata mzizi wake kwa Waraka Namba Saba: kitu ni chochote kinachoweza kutenganishwa na kingine bila kukivunja. Kwa hiyo sufuria na mfuniko wake ni vitu viwili. Viatu ni viwili, na kamba zake zikiwa zinatoka, ni vinne. Kitabu ni kimoja mpaka kurasa zianze kuchomoka. Kiberiti kilizua taabu kwa sababu ya njiti, na watu wakajifunza kuomba moto jirani. Ilifika wakati mtaa mzima ulipika kwa moto uliotoka nyumba moja, na hata hilo Wizara ililitangaza kuwa ni kurudi kwa upendo miongoni mwa majirani.

Nyumba ya tatu tuliyoingia ilikuwa ya Bi Tausi.

Bi Tausi alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye vyumba viwili na ukumbi mdogo wa mbele alikofanyia kazi. Aliishi na mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, ambaye macho yalikuwa yamekwisha nuru. Mume alikufa, na ndugu wa mume wakadhani Bi Tausi atamrudisha mama yao kwao. Hakumrudisha, na hakuna aliyemsikia akilieleza jambo hilo. Alimwita mama, na yule alimwita mwanangu, basi. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona yeye. Ukitoa watu wawili watatu waliohamia juzijuzi, hakuna mtu Mabatini ambaye Bi Tausi hakuwahi kumpima mabega.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kutukaribisha mkekani. Alidhani tunatania. Kisha Bwana Chelango akavuta mkebe wa vifungo uliokuwa dirishani, akaumwaga mkekani, akaketi na kuanza kuhesabu kimoja kimoja. Alikuwa na subira ya ajabu. Vilikuwa mia tatu kumi na sita. Akasema pole, nami nikaandika.

Tukafika kwenye cherehani. Ilikuwa ya miguu, ya zamani, nyeusi, iliyopakwa mafuta vizuri. Bwana Chelango alipiga magoti akaichunguza huku akishikashika. Kichwa, meza, gurudumu, mkanda, pedali, droo, na mengineyo ambayo sikuyajua majina. Alipoinuka alisema ni vitu kumi na moja.

Bi Tausi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Erasto, mwanangu," alisema, "andika cherehani moja. Unaiona ni moja."

Nilimweleza Waraka Namba Saba. Nilimweleza vizuri, kwa heshima, kama ningemweleza mama yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akinitazama kama atazamavyo kitambaa kilichokwisha kukatwa vibaya. Nikaandika kumi na moja. Baadaye watu wameniuliza kama ningeweza kuandika vingine. Fomu ilikuwa na nafasi ya tarakimu moja au mbili, hilo ni kweli.

Akaanza kuchagua. Alitoa kitanda chake, kabati, meza ya kulia, viti vyote, redio, vikombe, na picha ya harusi pamoja na fremu na kioo chake, ambavyo ni vitu vitatu. Alibakiza cherehani na kitanda cha Bibi Nyamizi, ambacho kwa miguu na mbao zake kilikuwa vitu tisa, na vyombo vya kupikia na nguo. Vilipotimia arobaini sawasawa, Bwana Chelango alimsifu. Alisema si kila mtu ana kipaji cha kujua kisichohitajika.

*

Kazi ya ushonaji ilianza kudorora mwaka uleule, kwani kila mtu aliruhusiwa nguo mbili na hakuna aliyekuwa na sababu ya kununua kitambaa. Bi Tausi alikaa mbele ya cherehani yake akiifuta vumbi. Kisha ukaja Waraka wa Mifuko.

Mtukufu alikuwa ametafakari akagundua kwamba mfuko wa nguo ni kabati dogo ambalo mtu hutembea nalo. Akaagiza mifuko yote nchini ishonwe ifungwe kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo mtaa mzima ukapanga foleni kwa Bi Tausi. Walimu, wachuuzi, askari wawili wa kituo cha jirani, wote walisimama na suruali mikononi. Kwa wiki tatu cherehani haikunyamaza. Mimi pia nilipeleka suruali zangu mbili, akazifunga mifuko minane bila kunitoza.

Bibi Nyamizi alikuwa amekaa kitandani, mlango wazi, akasikia vishindo vya watu. Akauliza wanataka nini. Bi Tausi akamweleza. Bibi akauliza kama serikali imesema pia watu wataweka wapi mikono yao. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, wakaacha kucheka waliponiona.

Zile wiki tatu ndizo zilizokuwa nzuri za mwisho katika nyumba ile. Mifuko ikaisha nchi nzima, na mfuko uliofungwa haurudi kwa fundi.

Wakati huo vitu vilivyotolewa vilikuwa vikipelekwa mlimani, kwenye Ghala la Taifa. Siku moja sisi makarani tuliitwa semina, na mwenzetu mmoja akauliza kwa nini malori mengine hayafiki mlimani bali huishia kwenye nyumba za wakubwa. Mheshimiwa Waziri hakukasirika hata kidogo. Alivua miwani, akatueleza kwamba mzigo ukimtoka mtu hauyeyuki hewani, lazima pawe na wa kuubeba, na viongozi wamejitolea kuubeba kwa niaba ya taifa. Alisema hayo kwa sauti ya kukwama, akanywa maji. Yule karani hatukumwona tena, na nafasi yake haikujazwa, kwa sababu ofisi nazo zilikuwa zikipunguza.

Mimi niliamini zaidi nilipopeleka barua nyumbani kwa Bwana Chelango. Sebuleni mlikuwa na makochi manane. Majokofu matatu yalikuwa yakinguruma, moja halina kitu ndani. Yeye mwenyewe alikuja mlangoni akipita upandeupande kati ya makabati, jasho likimtoka, na mkewe alikuwa amebanwa kwenye kona akijipepea kwa jarida.

"Unaona, Erasto," aliniambia huku akihema. "Ninyi huko mtaani mnaishi kwa raha."

Nilimwonea huruma kwa dhati. Kwenye kabati la pili niliiona redio ya Bi Tausi. Haikuwa na mahali pa kuchomekwa umeme.

*

Mwaka wa pili idadi ilishushwa hadi ishirini. Magodoro ya sufi yalipigwa marufuku moja kwa moja, kwani sufi hutenganishwa na hakuna karani aliyeweza kuihesabu.

Bi Tausi hakuhitaji mtu amfanyie hesabu. Cherehani kumi na moja, kitanda tisa, ishirini zimekwisha, na hapo hana sufuria wala nguo. Mojawapo lazima iondoke. Bwana Chelango alimpa siku mbili za kufikiri, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Siku ya pili, alasiri, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nilipita pale kama jirani. Niliwakuta chumbani, Bibi amelala juu ya mbao tupu zilizotandikwa kanga, Bi Tausi ameketi sakafuni akimsugua miguu.

"Kitanda kiende," Bibi alisema.

"Cherehani haina kazi, mama. Tangu mifuko sijashona kitu."

"Itapata kazi. Watu hawatakaa uchi."

"Sakafu ni ya baridi. Na maji yanaingia chini ya mlango."

"Nimelala chini miaka mingi kabla marehemu mwanangu hajaninunulia kitanda hiki," Bibi alisema. "Mimi siwezi kukushonea nguo za watu, siwezi kukuchotea maji. Usiniongezee na hili la kukufanya uuze mikono yako."

Bi Tausi aliendelea kusugua. Baada ya muda akasema, "Haya, mama." Nilimwangalia nikaona kwamba hakuwa amekubali, alikuwa amechoka kubisha. Kesho yake tulikivua kitanda mbao kwa mbao, na mimi nilibeba mbili. Bibi alikuwa amekaa ukutani, juu ya mkeka, uso ameuelekeza tulikokuwa, akatushukuru kwa kazi.

Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule. Maji yaliingia chini ya mlango kama Bi Tausi alivyosema, naye alikuwa akiyazuia kwa kanga yake, anaikamua, anairudisha. Wiki ya pili Bibi akaanza kukohoa. Alipelekwa zahanati kwa kubebwa mgongoni, maana machela ilikuwa imetolewa. Zahanati nayo ilikuwa katika Wepesi na ilibakiwa na dawa ya aina moja, ya minyoo. Muuguzi aliitoa kwa adabu, akaeleza vizuri namna ya kuimeza, akasema kama kungekuwa na nyingine angempa.

Bibi Nyamizi alikufa siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri. Bi Tausi alikuwa amekwenda kisimani. Aliporudi aliweka ndoo chini, akamwita mara mbili, halafu akakaa.

Watu walikuja wengi kwenye msiba, wakasimama. Bwana Chelango pia alikuja. Alivua viatu mlangoni akaingia kwenye tope lile kwa soksi, akampa mkono wa pole, na nilimwona akijifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Tulipotoka nje ndipo aliponikumbusha kwamba kaya ya mtu mmoja haistahili ishirini. Inastahili kumi.

Tulimpa siku saba za matanga. Siku ya nane tulirudi. Bwana Chelango alimweleza taratibu kuwa cherehani peke yake inazidi kwa kitu kimoja, lakini sheria si adui wa mtu, na njia ipo. Akitoa kiungo kimoja tu, kwa mfano ule mkanda wa ngozi, vitabaki kumi, naye ataibakiza. Nguo na sufuria hakuzitaja.

Bi Tausi aliuvuta mkanda kidogo kwa kidole, ukamrudia.

"Chukueni yote," alisema.

Bwana Chelango alimsihi afikiri, akamwonesha tena kwamba kumi ni halali.

"Bila mkanda haishoni, Bwana Afisa. Mnataka nikae naitazama?"

Tukaichukua yote. Niliandika kwenye safu ya maelezo kwamba mwananchi ametoa zaidi ya alivyotakiwa kwa hiari yake. Ni maneno hayo yaliyoleta yaliyofuata.

*

Kila mwaka, Siku ya Wepesi, Wizara humtuza mwananchi mwepesi kuliko wote. Fomu za mtaa wetu zilipofika makao makuu ilionekana kwamba Bi Tausi ana vitu sita: gauni, kanga, sufuria, mkeka, na kandambili ambazo ni mbili. Wapo waliokuwa na vichache zaidi, lakini hao hawakuwa na maelezo ya hiari. Waziri alimchagua yeye.

Wakati ule alikuwa akiishi kwa kufua nguo za watu, ambazo zilikuwa chache, na kwa kulima vibarua. Nilipompelekea barua alinitaka nimsomee mara mbili, kisha akauliza kama anaweza kukataa. Nikamwambia fomu haina nafasi hiyo.

Sherehe ilifanyika uwanja mkubwa wa mpira. Wageni waheshimiwa walikaa kwenye makochi chini ya mahema, na sisi wengine tulisimama, ili kuonja wepesi. Waziri alihutubia kwa saa mbili na robo juu ya ufupi. Alisema taifa letu limeyapita mataifa tajiri, kwani wao wanajifunza kuacha vitu wakiwa watu wazima, ilhali mtoto wetu anazaliwa ameshaviacha. Alisema tumepunguza wizi kwa asilimia tisini, na ajali za kuangukiwa na makabati zimekwisha kabisa.

Kisha Bi Tausi akaitwa jukwaani. Zawadi yake ilikuwa kabati la mninga, refu kuliko yeye, lenye kioo na droo tano. Walipiga picha, Waziri ameshika mlango mmoja na yeye ameambiwa ashike mwingine. Picha zilipokwisha, maofisa wawili walipanda wakalihesabu. Lilikuwa vitu kumi na tisa. Wakamsomea kifungu, wakalitaifisha palepale jukwaani kabla hajavunja sheria, na wananchi wakashangilia kuona haki haichagui mtu.

Waziri akampa kipaza sauti awaeleze wenzake faida alizozipata.

Bi Tausi alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, nami nikadhani atalia.

"Faida ipo," alisema. "Nikifagia, namaliza mapema."

Waziri alitabasamu akamtia moyo aendelee. Akamuuliza, na baada ya kufagia?

"Nakaa chini. Nangoja jioni."

"Na jioni ikifika?"

Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa jambo la haki. "Inafika," alisema.

Makofi yalidumu dakika nyingi. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwa herufi kubwa: WEPESI WAMPA MJANE MUDA WA KUPUMZIKA. Uso wake ukabandikwa kwenye kuta za miji yote, hata kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe upande wa nje, na nikalazimika kwenda kumfafanulia kwamba picha ile si yake, ni ya Wizara, asije akaiondoa wala kuihesabu.

*

Mwaka wa tatu Ghala la Taifa lilijaa. Nyumba za viongozi nazo zilikuwa zimejaa mpaka baadhi yao walihamia hotelini, na mtu mmoja, mkurugenzi, alipotea siku mbili katika sebule yake. Wizara ilikutana. Walitafuta mahali pakavu, penye paa, pasipo na kitu ndani, na ikaonekana kwamba mahali hapo ni nyumba za wananchi.

Waraka ulisema nyumba tupu ni upotevu wa nafasi. Kazi ingeanza na nyumba tupu kuliko zote, na hiyo haikuhitaji kutafutwa.

Malori mawili yalifika Mabatini siku ya Jumanne asubuhi. Nyumba ya Bi Tausi ilikuwa imepangiwa viti. Viti vitupu, vya mbao, vya chuma, vya plastiki, vya kanisani, vya shuleni. Wapagazi walianza chumba cha ndani, wakivipanga miguu juu, kimoja ndani ya kingine, kuanzia sakafuni hadi darini. Bi Tausi alitoka akasimama barazani kuwapisha. Vingine viliwekwa nje kusubiri zamu, mstari mrefu mpaka barabarani.

Alisimama karibu saa nzima. Jua lilikuwa limepanda, na siku hizo alikuwa amekonda sana. Mwishowe aliniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukaa kidogo kwenye kimojawapo. Nilimtazama Bwana Chelango. Alihangaika, nilimwona, alifungua hata faili lake kutafuta. Kisha akasema ni mali ya umma na tayari vimeshahesabiwa. Akasema pole. Bi Tausi akasema si neno, akaendelea kusimama.

Sufuria, alisema Bwana Chelango, ni ya jikoni, na mkeka ni wa sakafuni, kwa hiyo vyote vinabaki na nyumba. Akanipa fomu ya kuondoka nimjazie. Jina. Umri. Nilipofika kwenye swali la anakokwenda, alisema hajui. Nikaweka kistari.

Swali la mwisho lilikuwa anatoka na vitu vingapi. Alijitazama, akahesabu mwenyewe, kwani alikuwa amekwisha kuizoea sheria: gauni, kanga, kandambili mbili. Vinne. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba haki ya vitu hupewa kaya, na kaya ni lazima iwe na nyumba. Asiye na nyumba idadi yake halali ni sifuri.

Nilikaa na kalamu juu ya karatasi. Bwana Chelango alikuwa ndani akiwaelekeza wapagazi. Nikaandika sifuri, naye vinne anavyo mwilini. Bi Tausi aliisoma, akanitazama, akatia sahihi. Hilo ndilo kosa pekee nililofanya katika utumishi wangu wote, na Bwana Chelango alipotoka aliligonga mhuri bila kulisoma.

Bi Tausi alinirudishia kalamu. Alijifunga kanga vizuri, akapita kando ya ule mstari wa viti, polepole, bila kukigusa hata kimoja, akashika njia ya sokoni. Soko lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa tatu. Sijui kama alikuwa amesahau au kama ndiyo njia pekee iliyomjia kichwani. Nilitaka kumwita nimkumbushe, nikafungua hata mdomo, lakini wapagazi walikuwa wakiniita. Viti vilikuwa vimezidi nafasi na mlango ulikuwa haufungiki. Nikaingia barazani, tukauegemea watu wanne, tukausukuma mpaka ukaitika.